Maoni Yetu: Mzigo Wako Unafika Wapi?

Mfanyabiashara mdogo wa mtaa wa Kiandutu, Thika, hahitaji mitandao mitano. Wengi wanahitaji mmoja, baadhi wawili, na wapo ambao kwa sasa hawahitaji hata mmoja. Tunasema hivi waziwazi kwa sababu ushauri unaotolewa siku hizi kwenye semina za vijana, kwenye vyama vya akina mama na hata kanisani ni ule ule: fungua Facebook, fungua Instagram, fungua TikTok, fungua X, uwe kila mahali. Anayeufuata huishia na kurasa tano zilizolala, picha ya mwisho ikiwa ya Krismasi ya mwaka juzi, na pesa za bando zimekwenda bila mteja hata mmoja kuongezeka.

Swali la kwanza si mtandao upi una watu wengi. Swali la kwanza ni mzigo wako unafika wapi.

Mama anayeuza sukuma wiki na githeri kwenye njia ya kuingia Kiandutu kutoka barabara ya Garissa ana wateja wanaoishi mwendo wa dakika tano kutoka kibandani kwake. Ni watu wanaorudi jioni kutoka viwandani, mashambani na kwenye mijengo, wakanunua cha shilingi 20 au 30 na kwenda nyumbani. Video yake ya TikTok ikitazamwa na watu elfu kumi kutoka Kisumu hadi Kwale, hakuna hata mmoja wao atakayepanda matatu kuja Thika kununua fungu la nyanya. Muda alioutumia kuirekodi angekuwa amekatakata mboga, maana mteja wa jioni amechoka na anataka kuzikuta zimeshakatwa.

Kwake WhatsApp inatosha, na ndani ya WhatsApp, stetasi. Picha moja saa kumi alasiri, kabla watu hawajatoka kazini: sufuria ya githeri imefunuliwa, mvuke unapanda, na chini yake maneno machache yanayotaja kwamba chakula ki tayari na kikombe ni pesa ngapi. Mtu aliye kwenye foleni ya kutoka kiwandani akiiona, ameshaamua atakula nini. Na kama wateja wake wengi wanatumia simu ndogo za mulika mwizi, hata hiyo stetasi aiache. Simu ya kupiga na SMS bado zinauza.

Wengi husahau jinsi stetasi inavyofanya kazi. Huonekana kwa saa 24 kisha hutoweka, na humfikia tu yule ambaye namba yake umeihifadhi, naye ameihifadhi yako. Orodha ya kutumia watu wengi ujumbe mmoja ni vivyo hivyo: huchukua watu 256, na ambaye hajakuhifadhi haupati. Kwa hiyo kazi kubwa haifanyiki kwenye simu. Inafanyika pale kibandani wakati mteja analipa: weka namba yangu, nami niweke yako. Atakayelisema hilo kwa kila mteja kwa mwezi mmoja atakuwa na soko kubwa kuliko aliyeposti mara kumi kwa siku kwa watu asiowajua.

Tunapendekeza pia WhatsApp Business, ambayo imekuwepo tangu Januari 2018 na haina malipo. Inakuwezesha kupanga bidhaa zako kwa picha na bei, na kuandika saa za kufungua na kufunga. Lakini faida yake kubwa tunaiona kwingine: inatenganisha biashara na nyumbani. Leo mteja akifungua stetasi ya muuza viatu anakuta picha za harusi ya binamu, mahubiri ya Jumapili, matokeo ya Arsenal, mchango wa hospitali, na viatu viko mwishoni, baada ya picha ishirini. Hafiki huko. Inahitaji namba yake yenyewe, lakini laini ya pili haigharimu pesa nyingi, na simu nyingi za Android sokoni zinachukua laini mbili.

Sasa tumchukue msusi. Mzigo wake ni mkono wake, na mkono hautumwi kwa boda boda. Ni mteja anayesafiri. Mwanamke wa Makongeni, wa Landless au wa Ngoingwa yuko tayari kuja Kiandutu kusukwa iwapo ameona kazi nzuri na bei nafuu kuliko ya mjini. Hapa picha ndiyo kila kitu. Facebook inafaa, TikTok inafaa pia, kwa sababu video fupi ya kichwa kikianza na kumalizika inaonyesha ufundi ambao picha moja haiwezi kuuonyesha. Kinyozi na fundi cherehani wako katika kundi hili hili.

Ila kuna sheria ambayo wasusi wengi hawajasikia habari zake. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na picha ya mteja ni data yake. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza faini ya shilingi 1,850,000 kilabu moja ya Nairobi, Casa Vera, kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao bila idhini yake. Shule moja ya Uthiru, Roma, ilitozwa zaidi ya milioni nne kwa picha za watoto zilizowekwa bila ruhusa ya wazazi. Saluni ya mabati haiwezi kulipa hata sehemu ya kumi ya pesa hizo. Dawa ni rahisi: muulize mteja kabla ya kupiga picha, akikataa nyamaza, na akikubali piga nywele kutoka nyuma ili uso usionekane. Picha za watoto tunashauri mziache kabisa.

Anayestahili kuchagua kwa makini zaidi, na ambaye hatuoni akisaidiwa ipasavyo, ni fundi: wa vitanda, wa makochi, wa milango ya chuma, wa jiko. Kitanda kilichochongwa Kiandutu kinapakiwa kwenye pikapu na kufika Juja au Ruiru siku hiyo hiyo. Kule kuna maelfu ya vyumba vya kupanga, kuna wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wanaohamia kila muhula, na kuna familia zinazotoka Nairobi kufuata kodi nafuu tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa 2012. Mtu anayehamia anahitaji kitanda, meza na kabati katika wiki moja, na mara nyingi hamjui fundi yeyote wa karibu. Anafanya nini? Anatafuta.

Neno hilo, kutafuta, ndilo linaloipa Facebook nafasi mbele ya mitandao mingine kwa mtu wa aina hii. Stetasi ya WhatsApp hufa baada ya siku moja. Video ya TikTok hupelekwa kwa watu kwa bahati, ikavuma siku mbili kisha ikazama. Lakini tangazo kwenye soko la Facebook, au kwenye kundi la wakazi wa mtaa fulani wa Ruiru, mtu anaweza kulikuta kwa kuandika neno "kitanda" na jina la mahali. Kundi la wapangaji wa mtaa mmoja lenye watu elfu tatu linamfaa fundi huyu kuliko ukurasa wenye wafuasi laki moja waliotapakaa nchi nzima. Ajiunge na makundi manne au matano ya maeneo anakoweza kupeleka mzigo, asome kanuni za msimamizi wa kila kundi kuhusu siku za matangazo, na aposti kazi aliyoimaliza, si picha aliyoitoa mtandaoni ya kochi la Dubai ambalo hawezi kulitengeneza. Hilo la mwisho limewaharibia jina mafundi wengi wazuri. Mteja anaagiza alichokiona, analetewa kingine, na hasira yake inabaki pale kwenye kundi ambapo kila jirani anaisoma.

Muuza mitumba na viatu ndiye ambaye mzigo wake unasafiri mbali zaidi. Suruali hukunjwa, hufungwa na kutumwa kwa matatu hadi Nyeri, au kwa kampuni za vifurushi hadi Mombasa. Huyu TikTok inamfaa kweli, na soko lake lipo. Ripoti ya taasisi ya Reuters ya 2023 kuhusu habari za kidijitali iliiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa walikuwa wakiitumia. Takwimu hiyo imenukuliwa sana na wanaouza ushauri, kwa hiyo tuikumbushe jamii yetu kwamba waliohojiwa ni watu walio mtandaoni tayari na wanaozungumza Kiingereza. Inasema kitu kuhusu mnunuzi wa Nairobi au Eldoret. Kuhusu jirani yako wa Kiandutu anayenunua bando la shilingi 20, haisemi mengi, na video ndicho kitu kinacholimaliza bando hilo upesi kuliko vyote.

Anayetaka kuuza mubashara kwenye TikTok ajue gharama zake kabla hajaanza. Kwa kawaida mtandao hutaka ufikishe wafuasi 1,000 kwanza. Kisha kunahitajika bando kubwa, mwanga wa kutosha, umeme usiokatika, na mtu wa pili anayeandika nani amechukua nguo gani, maana muuzaji hawezi kuonyesha nguo, kujibu maswali na kupokea pesa kwa wakati mmoja. Aliye peke yake dukani atapoteza mteja aliyesimama mbele yake akimtafuta aliye kwenye skrini. Tunawashauri wauzaji wawili au watatu wa karibu waungane, mmoja auze, mwingine aandike, na zamu zibadilike.

Instagram na X tunazitaja kwa kifupi. Instagram inamfaa anayeoka keki za harusi au kupamba sherehe, ambaye wateja wake wako Nairobi na mitaa ya wenye nafasi. X ni uwanja wa siasa na malalamiko. Duka la rejareja halina haraka ya kwenda huko.

Mtandao wowote utakaouchagua, mteja atakuuliza mambo mawili kabla ya kutoa pesa yake: ni pesa ngapi na uko wapi. Hayo mawili ndiyo yanayofichwa zaidi. Tumechoshwa na "bei njoo inboksi". Mwenye shilingi 800 za viatu anataka kujua kama zinatosha. Akiambiwa aulize kwa siri anahisi kwamba bei itapangwa kwa kuangalia uso wake, na anapita. Andika bei. Kama kuna nafasi ya kupatana, andika hivyo.

Kuhusu mahali, tunazungumza kwa uchungu. Wapo wafanyabiashara wa Kiandutu wanaoandika "Thika Town" kwenye kurasa zao kwa kuogopa kwamba jina la mtaa wao litamkimbiza mteja. Tunaelewa sababu. Kiandutu imeandikwa miaka mingi kwa mabaya tu: mioto, mafuriko ya maji taka, vijana waliouawa. Lakini mteja anayefika mjini na kuambiwa kwamba duka liko ng'ambo ya pili ya barabara ya Garissa anadhani ametapeliwa, hata kama bidhaa ni safi. Sema Kiandutu. Nyumba nyingi hazina namba, kwa hiyo taja steji, taja kanisa au msikiti ulio karibu, na piga video ya nusu dakika ukitembea kutoka barabarani hadi mlangoni pako, uitume kwa kila anayeuliza njia. Asiyetaka kuingia ndani mwambie utamletea mzigo stejini, aukague, ndipo alipe. Huko kulipa ukipokea ndiko kunakovunja woga wa mteja wa mtandaoni nchini Kenya, baada ya watu wengi kutuma pesa na kisha kuzuiwa wasiweze kupiga tena. Naye muuzaji asimwachie mtu mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa M-Pesa kwenye simu ya mteja. Ujumbe huo hutungwa. Aangalie salio lake mwenyewe kwenye till au Pochi la Biashara, kisha akabidhi.

Jambo lililobaki ni zito kuliko yote, nalo ni kwamba hakuna mtandao ulio mali yako. Mnamo tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa karibu saa sita. Aliyekuwa na wateja wake wote humo alikaa na mzigo wake. Hizo ni saa sita tu. Uganda, serikali iliifunga Facebook Januari 2021 kuelekea uchaguzi mkuu na miaka ikapita ikiwa imefungwa. Wauzaji wa Kampala waliokuwa wamejenga kurasa zao kwa muda mrefu walilazimika kutumia VPN, programu ya kupita kizuizi hicho, na wateja wasiojua VPN wakapotea. India iliipiga marufuku TikTok Juni 2020. Hapa kwetu, Telegram ilivurugika wakati wa mtihani wa KCSE mnamo Novemba 2023, na ikavurugwa tena Novemba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza izuiwe ili kuzima biashara ya mitihani ya kuiba. Aliyekuwa akiuza nguo kihalali kwenye Telegram hakuulizwa.

Mbali na serikali kuna wezi. Wizi wa akaunti ya WhatsApp huanza na ujumbe wa upole kutoka kwa mtu unayemjua: kuna namba ya tarakimu sita imekuja kwako kimakosa, hebu nitumie. Ukiituma, akaunti si yako tena, na ndani ya saa moja wateja wako wanaombwa mkopo kwa jina lako. Usimpe mtu yeyote namba hiyo, awe mama yako mzazi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uweke PIN ya pili. Ni kazi ya dakika mbili, na mfanyabiashara ambaye hajaifanya aifanye leo.

Na nunua daftari. Andika jina la mteja, namba yake, anachonunua, na saizi ya kiatu cha mtoto wake kama unauza viatu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na orodha ya wateja ni mali. Simu ikiibwa stejini, ukurasa ukifungiwa, mtandao ukizimwa na serikali, mwenye daftari ataanza upya kesho asubuhi kwa kuazima simu. Katika shauri letu lote, hili ndilo tungependa lishike hata kama mengine yataachwa.

Matangazo ya kulipia tunayaweka mwisho kwa makusudi. Tangu 2022 huhitaji akaunti ya benki kuyalipia, kwa sababu M-Pesa ina kadi yake ya GlobalPay iliyotengenezwa pamoja na Visa. Wepesi huo umewafanya baadhi yetu kulipa kabla ya wakati. Usilipie tangazo kama bado unachelewa siku nzima kujibu anayeuliza bei bila tangazo. Pesa hiyo itumie kuongeza bidhaa.

Sasa tuwageukie wenye dhamana. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, wa kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, umekuwepo tangu 2016. Serikali ya sasa iliahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi. Kaunti yetu ya Kiambu nayo ina maafisa wa biashara wanaopita sokoni kukusanya ada kila siku. Tunaomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Wafunze kwa aina ya biashara, wauza vyakula siku yao, mafundi siku yao, kwa sababu mafunzo ya pamoja ndiyo yanayozaa ule ushauri wa kufungua kila kitu. Wafunze kwa Kiswahili na Kikuyu. Wi-Fi ya soko ifike Makongeni na Kiandutu na iwe ikifanya kazi saa za jioni, watu wanapouza. Na mafunzo yawe asubuhi kuanzia saa nne, wateja wanapokuwa wachache, yafanyike ndani ya mtaa wenyewe badala ya ukumbi wa mjini unaohitaji nauli, na mkufunzi aje na simu ya bei nafuu kama ile iliyo mkononi mwa anayefunzwa.